Ndoo Mlangoni pa Uzamili

Jumatatu, 3 Machi
Kitindamimba wangu anataka shahada ya uzamili. Ndiyo inayofuata ile ya kwanza, kasema. Nafasi ishirini tu! Waombaji kibao. Nikamuuliza foleni inaanza saa ngapi. Akacheka: siku hizi mtu anaomba mtandaoni, mama, hebu tulia. Nitulie? Mtaani kwetu hata maji hupati bila kupanga ndoo mapema. Sembuse elimu!

Jumanne, 4 Machi
Nimemtangulia jogoo. Ndoo ya bluu iko mlangoni pa ofisi ya uzamili, ya kwanza kabisa. Ndani nimetia cheti chake cha shahada, wajue ina mwenyewe. Mfuniko nimeubana. Nimerudi nyumbani kwa maringo.

Jumatano, 5 Machi
Mdomo wangu huu! Nilimdokezea fundi cherehani, jirani yangu, kidogo tu. Kumbe naye mwanawe anaomba. Leo nimekuta dumu lake mbele ya ndoo yangu. Nikalisogeza nyuma. Akatokea, akalirudisha. Eti shoga, foleni haina undugu. Nikamwambia naona hata haya haina. Mlinzi akaja kutuuliza nani katuambia hapa kuna bomba.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Usiku huu Kitinda kapekua nyumba nzima, anatafuta cheti. Dirisha la maombi linafungwa kesho, na bila nakala ya cheti hana chake. Kumbe ni dirisha, mimi nimepanga mlangoni! Nikajikaza, nikasema kiko ndooni. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Ijumaa, 7 Machi
Tumekwenda mbio. Ndoo haipo! Mlinzi kasema takataka zetu kazifungia stoo. Kuifungua: cheti kikavu, hakina hata kunyanzi. Mwanangu akakipiga picha palepale ngazini, akakituma kwa simu. Kimepokelewa! Akanikumbatia, kisha akaniapisha nisiguse tena karatasi zake. Nikaapa.

Jumatatu, 14 Aprili
Kakubaliwa! Nimepiga vigelegele hadi fundi kachungulia. Wake naye kapata. Haya, ya Mungu mengi. Kitinda anasema ni alama zake. Sawa, alama. Lakini nani aliwahi foleni? Kaniambia pia baada ya uzamili kuna uzamivu, na nafasi zake chache zaidi. Nikamuuliza mlinzi, kimya kimya. Ghorofani, mlango wa kushoto. Nimenunua ndoo kubwa. Barua ya kukubaliwa nimeitia ndani, wajue ina mwenyewe.