Mwongozaji Yuko Kabatini

Jumamosi, 3 Agosti

Likizo imeanza! Siku tisa bila kusikia mashine ya fotokopi. Bosi amenitakia mapumziko mema. Mapumziko! Hajui kwamba alikuwa anaongea na mwongozaji wa filamu.

Mpango ni huu. Jumamosi ijayo kuna shindano la filamu fupi za vichekesho kwenye ukumbi wa jamii, nami nimeshajiandikisha. Filamu yangu inaitwa Tajiri wa Wiki Moja. Nimeiandika mwenyewe, kurasa kumi na nne, pande zote mbili. Mtu asiye na mbele wala nyuma anajifanya tajiri, na mji mzima unamnyenyekea. Vibali hatuna. Tutaingia mahali, tutapiga picha, tutatoka kabla hatujaulizwa sisi ni nani. Nyota ni Kinyozi, rafiki yangu tangu darasa la pili. Kamera ni simu ya Mpiga Picha, jirani yangu wa kazini, mwenye studio ya picha za pasipoti. Ana uzoefu wa miaka ishirini!

Nikamweleza mke wangu tulipokuwa tunakunywa chai. Akauliza, na Alhamisi je? Nikauliza Alhamisi kuna nini. Kumbe Alhamisi mama mkwe anafanyiwa operesheni ya jicho. Eti niliahidi kwamba likizo hii ni ya kwenda kwake: mke wangu amtie dawa ya matone mara nne kwa siku, mimi nitengeneze ngazi ya mlangoni ambayo imeshamwangusha mara mbili. Eti niliahidi mbele ya mama mwenyewe! Nimemwambia Alhamisi bado mbali, tutakuwa tumeshamaliza. Akanitazama muda mrefu. Sipendi akinitazama vile.

Jumapili, 4 Agosti

Usaliti! Fundi cherehani, ambaye alikuwa acheze mke wa tajiri, amejitoa. Anasema ameisoma skripti yote, mke ana sentensi kumi na moja, na zote kumi na moja ni "Ndiyo, mume wangu". Nikamweleza kwamba ufundi wenyewe uko hapo, kusema jambo lilelile kwa namna kumi na moja. Akanirudishia karatasi zangu. Moja alikuwa ameshaikata kupimia kola!

Mchana tulianza bila yeye. Onyesho la tajiri akitembea mtaani kwa maringo. Mpiga Picha akamsimamisha Kinyozi mbele ya ukuta mweupe, akamwambia avue kofia, akae wima, asicheke. Nikamwuliza ni filamu gani ya vichekesho ambayo mtu hacheki. Akasema mtu akicheka, picha zinarudishwa. Zinarudishwa na nani? Akasema ndivyo anavyofanya siku zote, na masikio mawili lazima yaonekane.

Nimeangalia alichopiga. Dakika saba za kichwa na mabega ya Kinyozi. Tumezunguka mtaa mzima na mtaa wenyewe hauonekani!

Jumatatu, 5 Agosti

Siku ya aibu, na aibu si yangu.

Tulihitaji mahali ambapo tajiri anapita mbele ya foleni. Nikachagua kliniki ya meno karibu na posta. Viti vizuri, mwanga mzuri, na anayeingia haulizwi maswali. Kinyozi alipaswa kukaa na kuugulia jino mpaka watu wampishe. Nilimpa agizo moja tu: litokee la kutokea, asiache kuigiza.

Aliugulia vizuri mno. Nesi akamhurumia, akamshika mkono, akamwingiza ndani. Kinyozi akaenda! Nilimkonyeza, nikakohoa, nikadondosha funguo. Wapi! Anasema alikuwa anatii agizo. Anasema alitaka kusema ukweli alipoona sindano, lakini daktari alikuwa ameshamwambia afungue mdomo, na ndani kabisa kulikuwa na gego bovu ambalo yeye mwenyewe hakujua analo. Akatoka akiwa na pamba mdomoni na gego lake ndani ya bahasha.

Haya, angalau picha tunayo, nikajipa moyo. Picha gani! Mpiga Picha alikuwa amekaa kiti cha mbele yake, akimwashiria kwa mkono ajinyooshe na afunge mdomo. Katika simu yuko bwana mmoja mtulivu, hana maumivu yoyote, masikio yake mawili yote yapo. Jino limekwenda bure!

Jumanne, 6 Agosti

Kinyozi amevimba shavu, hawezi kutamka neno. Wateja wake wanadhani amewanunia. Nyota bubu, mke wa tajiri hakuna, na zimebaki siku nne. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikakaa, nikashika tama, nikapata jibu: tajiri atanyamaza kwa kiburi, na mke wake atachezwa na mke wangu.

Alikuwa anapanga nguo kwenye begi. Nikamwomba. Nikamsifia sauti. Akaniuliza akicheza onyesho moja, kesho asubuhi, Alhamisi tutaondoka wote kwa basi la kwanza? Nikamwambia bila shaka. Akaniambia nitamke lote, kwa ukamilifu. Nikatamka. Ananichukulia kama mtoto! Lakini alitabasamu, akaichukua skripti, akaisoma yote palepale huku amesimama. Tabasamu likaisha kabla ya ukurasa wa pili.

Jumatano, 7 Agosti

Naandika kwa hasira.

Duka la samani la njia panda limepangwa sebule nzima: sofa, zulia, meza ya kioo, hata matunda ya plastiki kwenye bakuli. Nyumba ya tajiri, bila senti tano! Kinyozi na mke wangu wakaingia kama mume na mke wanaotafuta sofa. Mpiga Picha akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, akijifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Mimi nikajificha ndani ya kabati la nguo la milango mitatu, nikaacha upenyo wa kidole kimoja, ili niongoze.

Kinyozi akanyoosha mkono kwenye sofa ya ngozi. Zamu ya mke wangu. Sentensi ni moja tu. Nilikuwa naitamka mwenyewe kimyakimya mle kabatini.

Akasema hapana.

Akasema nyumbani kuna viti vinne vya plastiki, kimoja kimevunjika mguu tangu mwaka juzi, na mume wake hukitengeneza kila Jumapili kwa mdomo. Akasema ameolewa na mtu wa mipango. Akahesabu kwa vidole: sabuni ya maji iliyotoboa ndoo, sungura waliofugwa bafuni, kozi ya kuongoza watalii katika mji ambao mtalii hajawahi kutia mguu. Upuuzi mtupu! Nani anafuga sungura bafuni? Mimi niliwaweka pale wiki tatu tu, tena kwa sababu ya mvua.

Na muda wote huo hakumtazama Kinyozi hata mara moja. Alikuwa anaongea na kabati! Hata mtoto wa shule anayeigiza kwa mara ya kwanza anajua kumtazama mwenzake.

Mwenye duka, mama mmoja aliyevaa miwani shingoni, akaacha kufuta vumbi, akaja. Akamsogezea mke wangu kiti, akamletea maji. Mke wangu akasema mama yake anapasuliwa jicho kesho. Hataki sofa, hataki utajiri, anataka mtu wa kushika upande wa pili wa begi. Hapo sauti ikamkatika. Mwenye duka akamgeukia Kinyozi: "Baba, huna hata neno?" Kinyozi, na pamba yake shavuni, akasema mmmh. Akaulizwa tena. Machozi yakamtoka. Baadaye alituandikia kwenye karatasi kwamba ni jino.

Wateja walikuwa wamejaa. Mzee mmoja akamwambia Kinyozi aone haya. Dada mmoja akafungua kabati kuangalia rafu, akanikuta nimechuchumaa. Nikamwambia napima nafasi. Akafunga mlango taratibu, kama mtu aliyefungua choo chenye mtu. Mwenye duka akatoa hukumu kwamba sofa ile haiuzwi kwa mwanamume huyu hata aje na gunia la noti.

Nyumbani nikamkaripia mke wangu, kwa upole. Ameivuruga skripti yangu mbele ya watu! Akaniuliza kama nilisikia. Nikamwambia nilisikia kila neno, mbao za kabati ni nyembamba. Akauliza, sasa? Nikamwambia sasa kesho asubuhi tunarudia onyesho, kwa maneno yaliyoandikwa, na kwa mama tutakwenda keshokutwa. Operesheni zenyewe huahirishwa kila siku.

Akafunga zipu ya begi. Kisha akasema, "Ndiyo, mume wangu."

Alivyoitamka! Sijawahi kuisikia hivyo, nywele zilinisimama. Na kamera haipo! Anaweza, kumbe. Anaweza sana, ila hataki kunisaidia.

Alhamisi, 8 Agosti

Ameondoka. Kwa basi la kwanza, peke yake, mimi nimelala! Kuna karatasi mezani. Chakula kiko jikoni. Ngazi atatafuta fundi. Basi, hakuna zaidi. Hata salamu hakuna.

Fundi! Mtu ana mume mzima mwenye nyundo yake, halafu anatafuta fundi! Watu wa kule watasema nini? Nimeisoma karatasi mara sita, nikizidi kukasirika. Jirani kaniuliza shemeji yuko wapi, nimemjibu yuko safarini kikazi.

Chakula kilikuwa cha watu wawili. Nimekula chote.

Ijumaa, 9 Agosti

Kuunganisha filamu. Nilisema onyesho la duka la samani litolewe lote. Mpiga Picha akalitoa. Zikabaki dakika nne za Kinyozi akitazama mbele kwa unyoofu. Tukaziangalia mara mbili. Nikasema basi, lirudishwe kwa muda.

Shavu la Kinyozi limeshuka. Nilitegemea maneno yake ya kwanza baada ya siku nne yawe ya kuomba radhi. Badala yake akaniambia hakulia kwa ajili ya jino. Akasema amenijua tangu darasa la pili, niache filamu, nichukue basi leo hii nimfuate mke wangu, kazi iliyobaki wataimaliza wenyewe. Mwigizaji anamwamuru mwongozaji! Nimemwambia shughuli yake ni kuonekana, si kufikiri. Akavaa koti lake, akatoka bila kunipa mkono. Anajua kabisa kwamba nywele zangu zimefika wakati wa kukatwa.

Jumamosi, 10 Agosti

Ushindi! Ushindi, pamoja na maadui wote niliowataja!

Dakika nne za mwanzo ukumbi ulikuwa kimya. Mtu nyuma yangu akauliza kama ni tangazo la watu waliopotea. Nikamgeukia kwa jicho kali. Kisha likaja duka la samani. Mke wangu aliposema hapana, watu wakaangua kicheko. Kwenye sungura bafuni kuna mama alishika mbavu, akamwegemea mwenzake. Dada alipofungua kabati na mimi nikaonekana nimechuchumaa, walicheka mpaka hukumu ya mwenye duka haikusikika. Kosa la Mpiga Picha hilo, sikupaswa kuonekana! Kabla ya hapo, kwenye lile la begi, ukumbi ulikuwa umetulia ghafla, nikasikia watu wanapenga kamasi.

Tumepata kikombe cha Mazungumzo Bora. Nikapanda jukwaani mbio. Mshereheshaji akauliza nani aliyaandika maneno ya yule mke. Nikasema mimi. Akauliza mume wa namna ile nilimtoa wapi. Nikasema kichwani tu, binadamu kama yule hayupo. Watu walipiga makofi. Kinyozi, kwenye safu ya tatu, hakupiga.

Nilimpigia simu mke wangu kumpa habari njema. Akasema operesheni imekwenda salama, mama amelala, fundi hajapatikana. Nikamweleza kuhusu kikombe. Akauliza kama nakuja. Nikamweleza jinsi watu walivyocheka. Akauliza tena kama nakuja. Nikasema kesho! Akasema atafurahi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nyumba ina ukimya mbaya. Nimemkumbuka mke wangu, sifichi. Na inaniudhi kwamba nimemkumbuka wakati nina kikombe mezani.

Jumapili, 11 Agosti

Kumbe dawa ya kila kitu ninayo mwenyewe! Wazo lilinijia nikipiga mswaki: sehemu ya pili. Mke amekasirika, amerudi kwa mama yake. Mume anamfuata na nyundo mkononi. Nyumba ya mama mkwe ina ukuta mweupe, Mpiga Picha alikubali papo hapo. Kinyozi alikubali pia, tena kwa furaha, maana nilimwambia tu kwamba naenda kuomba msamaha na nahitaji wa kunisindikiza. Sikuona sababu ya kumchosha na mengine.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Nikatangulia na nyundo na misumari, nikaruka ile ngazi mbovu. Mke wangu akaniona kupitia dirishani. Nilimsikia akikimbia ndani. Akafungua mlango wote, mikono ina unyevu, akicheka. Akasema umekuja. Akaniambia mama ameshaanza kuona, ameniulizia tangu asubuhi. Akaishika ile nyundo kama zawadi.

Halafu akamwona Mpiga Picha nyuma yangu, amenyanyua simu, anamwomba asogee kwenye ukuta.

Nikamweleza kwamba nyundo ni ya kuigizia, ngazi yenyewe hatuigusi, ikitengenezwa onyesho litaharibika. Akanirudishia nyundo mkononi mwangu, polepole. Kinyozi akasema neno moja ambalo siliandiki, akaenda zake kituoni kwa miguu. Na mke wangu akaufunga mlango. Hakuubamiza, aliusukuma kwa kiganja mpaka ukalia kidogo. Ule uso! Sijawahi kuona kitu kama kile, na Mpiga Picha anasema alikuwa bado hajabonyeza!

Nimebisha hodi tena, nimemwomba arudie vilevile, asibadilishe kitu. Hajafungua. Naandika haya nikiwa nimeketi kizingitini. Nampa dakika kumi zaidi, maana jua linazama na yeye hajali.