Mpunguzieni Sifa Mpiga Klarineti wa Chumba Namba Nne

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka bweni la vibarua, chumba namba nne. Mimi ni mbeba zege, mwaka wa tatu sasa niko mbali na kwetu. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nikikosea mahali nisahihishe, ndiyo kazi yako. Nakuandikia kwa heshima kuomba gazeti lako lipunguze sifa lilizompa mwenzangu wa kitanda cha juu, ambaye sisi humwita Pumzi.

Pumzi hubeba zege pamoja nami wiki nzima, na Jumamosi jioni hupiga klarineti na saksafoni katika bendi ya jazi, kwenye ukumbi wa hoteli iliyo nyuma ya stendi. Jumamosi iliyopita mwandishi wako wa muziki alikaa meza ya mbele. Jumanne tukasoma, nusu ukurasa, kwamba Pumzi ni "bwana wa ala mbili, mwenye nafsi mbili kifuani". Mhariri, nimelala chini ya kifua hicho miaka yote hii. Nilichosikia humo ni kikohozi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwandishi wako kasifu "sauti yenye chembechembe za maisha". Zile ni chembechembe za saruji. Klarineti inakaa ndani ya mfuko wa saruji kwa sababu sanduku lake lilivunjika mtu alipolikalia. Aliyelikalia ni mimi, lakini hilo si hoja ya barua hii.

2. Kasifu pia "ukimya wa kijasiri" katikati ya wimbo wa tatu. Nilikuwepo, nimesimama kwenye mlango wa jikoni kwa hisani ya mwosha vyombo. Pumzi alinyamaza kwa sababu kile kijiti chembamba cha mdomoni, kinachotoa sauti, kilipasuka. Akapapasa mfukoni kutafuta kingine, akakosa, akanyakua saksafoni. Mwandishi wako anasema alihama kutoka ala hadi ala "kama mtu anayevuka sebule yake". Kweli alivuka, ila kama mtu anayetafuta ndoo nyumba ikiungua.

3. Hili ndilo zito. Kwetu kazini zege hupanda ghorofani kwa mikono. Tunajipanga watu tisa kwenye ngazi za jukwaa, karai linapita mkono hadi mkono, na wa chini kabisa anahesabu: moja, pokea, mbili, toa. Pumzi ni wa tano, mimi ni wa sita. Sasa mwandishi wako kafichua kwamba siri ya Pumzi ni "kuchelewa kidogo nyuma ya pigo". Tangu Jumanne Pumzi anachelewa kidogo nyuma ya pigo. Nanyoosha mikono kwenye mbili, hakuna karai. Nairudisha, karai hilo. Jumatano lilitua kwenye kiatu changu. Alhamisi lilimwagikia kofia ya nyapara aliyekuwa anapita chini. Nyapara akafoka, "We Pumzi, unanichezea?" Pumzi akamjibu kwa upole kabisa, "Hapana, bosi. Naliacha karai lipumue kwanza." Watu wanane tulicheka mpaka zege likaanza kuganda.

4. Nilimsomea mke wangu makala yenu kwenye simu. Hapo nilijitakia mwenyewe. Siku hizi akipiga haulizi mgongo wangu unaendeleaje. Anauliza, "Baba watoto, shemeji wa klarineti yupo? Mwanao kagoma kulala." Binti yangu hajaniona bado, ananijua kwa sauti tu. Basi Pumzi anakaa kwenye ngazi za bweni, anapuliza taratibu, na mtoto analala kabla sijamsemesha. Niliwahi kumwimbia mwenyewe. Alilia.

5. Kiongozi wa bendi moja kubwa kasoma makala yenu. Kaja bwenini na mkataba. Anataka Pumzi azunguke naye nchi tano, mwaka mzima, na basi lao linaondoka mwisho wa mwezi. Wakimchukua, kitanda cha juu atapewa mgeni, na wageni wanakoroma. Sina sababu nyingine.

Kwa hiyo naomba mchapishe masahihisho, tena upesi, kabla huyo bwana hajarudi na kalamu. Nimewaandikia kabisa, msipate tabu: "Tunaomba radhi. Mpigaji tuliyemwandika wiki hii anajitahidi." Inatosha. Neno hilo halijawahi kumpeleka mtu nchi tano.

Nisalimie wachapaji, mfagiaji wa ofisi, mlinzi wa getini aliyenikataza nisiingie na viatu vya zege, na hata huyo mwandishi, ambaye sina ugomvi naye akiandika habari za mpira.

Ni mimi, kwa vidole vilivyokakamaa,
Kibarua wa kitanda cha chini.

Nyongeza: Sijafunga bahasha, Pumzi kaniambia hasaini. Anasema mwandishi wako alimvisha kilemba cha ukoka, yeye ni mbeba zege tu na bendi kubwa itamcheka siku ya kwanza. Mhariri, usichapishe hata mstari mmoja wa hapo juu. Mwandishi wako aliondoka mapema, hakuusikia wimbo wa mwisho. Mwosha vyombo aliacha bomba wazi, maji yakafurika hadi miguuni kwetu, na hakuna aliyesogea kulifunga. Andikeni hilo, ukurasa mzima, kabla ya mwisho wa mwezi. Nimemwambia mwenyewe kwamba hakuna anayepiga kama yeye, akacheka, akadhani namtania kama kawaida yetu. Nyinyi atawaamini.