Kamera Mbili na Batri Moja Kabambare

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mkuu wa Jimbo, ambaye pikipiki yake imekwama njiani lakini kiti chake kipo na kinaheshimiwa. Waheshimiwa machifu wa sekta na wa vijiji. Shehe wetu mpendwa na Padri wetu mpendwa, mlioketi pamoja kwenye benchi moja, jambo ambalo ofisi yangu tayari imeliandika kama tokeo la mradi. Bwana Mkaguzi wa mitihani. Mama na baba wa soko. Wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu, wenyeji na waliotoka mbali. Wanafunzi wa darasa la mwisho pamoja na wazazi wenu mliotembea kutoka Wamaza. Nanyi mliosimama nyuma kwa sababu viti ni vya safu ya mbele: kwa kufuata itifaki yote, mimi, Heri Faradji, Mratibu wa Ofisi ya Uratibu wa Picha za Kitaasisi, niliyetoka Kasongo siku mbili juu ya pikipiki na kuanguka mara tatu tu, nawasalimu kwa jina la maendeleo. (Makofi ya safu ya mbele.)

Tumekusanyika leo kuzindua Mradi wa Modernizasyo ya Picha, na kwa kuwa kuna maneno yanayozungushwa sokoni juu ya yale yaliyotokea Jumamosi iliyopita kwenye uwanja wa shule, naona ni vema myasikie kutoka kwangu, kwa utaratibu, kama yalivyo katika rapoti.

Jumamosi hiyo wanafunzi arobaini na saba walihitaji picha mbili kila mmoja kwa ajili ya faili za mtihani wa mwisho wa sekondari. Bwana Mkaguzi, ambaye yuko hapa na ananitazama, alikuwa ametangaza kwamba faili zinafungwa saa kumi za jioni, na kwamba faili bila picha ni mwaka mzima umepotea. Wote tunamfahamu Mama Waridi, mpiga picha wetu wa miaka kumi na miwili, aliyepiga harusi zenu, ubatizo wenu na maziko yenu. Tangu asubuhi alikuwa ametundika shuka jeupe ukutani na anawapiga wanafunzi mmoja mmoja, kwa kamera yake ile ile aliyoinunua Kasongo ikiwa imekwisha kutumika. Mnaijua. Mpira wake wa kushikia ulibanduka zamani, naye ameziba kwa kipande cha mpira wa gurudumu la pikipiki. Kioo chake cha nyuma kimepasuka, hivyo Mama Waridi hatazami kioo, anatazama mtu.

Ndipo nilipofika mimi, na kamera mpya ndani ya boksi. (Makofi. Mtu mmoja nyuma anauliza, boksi la nani. Mratibu anaendelea.)

Kwa kuwa serikali ya kisasa haiwezi kukubali teknolojia bila kuipima, niliunda hapo hapo Komisyo ya Evalyuasyo Linganishi, mwenyekiti mimi, katibu Fabrice, ambaye pia ni katibu wangu siku za kawaida, nikaagiza kazi ya kupiga picha isimame ili ulinganisho ufanyike. Kamera zote mbili, ndugu zangu, ni za ukoo mmoja: ni zile kubwa zenye lenzi ya kutolewa na kioo ndani, ambazo mtu anayeanza kazi hii hununua kwanza. Lakini kati yao kuna miaka saba. Ile ya zamani ina megapikseli kumi na mbili. Hii mpya ina ishirini na nne, yaani ongezeko la asilimia mia moja, ambalo ofisi yangu imelikadiria kuwa mia mbili kwa sababu ya athari zake za pembeni. Ya zamani inachukua video ndogo. Mpya inachukua video kubwa. Mpya inaweza kutuma picha kwenye simu bila waya, mahali penye simu inayoshika. Kuhusu nukta za kulenga, ya zamani ina tisa, na mpya, baada ya miaka saba ya utafiti wa wataalamu wa dunia, ina tisa. Kuhusu mwendo, ya zamani inapiga picha tatu kwa sekunde moja, na mpya inapiga tatu. Hii inaitwa uthabiti. (Kicheko nyuma. Mratibu anasubiri kiishe.)

Tulipoifungua kamera mpya ili kuiwasha, ilionekana kwamba, kwa sababu za kiusalama, batri haikuwemo. Katibu Fabrice akagundua kwamba batri ya kamera ya zamani inaingia kwenye mpya bila tatizo, kwa kuwa watengenezaji hawakuibadilisha. Nikaagiza itolewe. Mama Waridi hakukataa kwa ukali, nataka hilo lijulikane. Aliifunika kamera yake kwa kiganja, akaniambia polepole, "Baba Mratibu, batri iko moja tu. Na watoto wamebaki makumi tatu na mmoja."

Nilimweleza kwamba ulinganisho utachukua dakika tano na kwamba historia itamshukuru. Akaitoa, akanipa.

Tulihitaji uso mmoja wa kupimia. Msichana aliyekuwa mbele ya mstari alikuwa Dieudonnée, binti wa Baba Bulaimu, mkulima wa Wamaza, waliokuwa wametembea siku nzima ya Ijumaa na kulala kwa jamaa. Tukampiga kwa mpya, tukahamisha batri, tukampiga kwa ya zamani, na Mama Waridi akatoa picha zote mbili kwenye mashine yake ndogo, kwa ukubwa wa faili, ule wa kucha mbili za kidole gumba. Komisyo ilizitazama kwa dakika kumi na mbili. Komisyo ilizipeleka juani, ikazirudisha kivulini. Kwa kuwa haikufikia muafaka ni ipi yenye megapikseli ishirini na nne, niliamua kuhusisha jamii, nikamwita Baba Bulaimu, nikamwonyesha, nikamwuliza anaona tofauti gani.

Akazishika kwa vidole vyenye udongo bado, akazitazama. "Hii iko mutoto wangu," akasema. Kisha akaweka kidole juu ya ile nyingine. "Na hii iko mutoto wangu."

Jibu hilo limeandikwa katika rapoti chini ya kichwa Kuridhika kwa Wanufaika. (Makofi marefu, yanayoelekezwa kwa Baba Bulaimu. Mratibu anainama kuyapokea.)

Picha hizo mbili zilibanwa kwenye rapoti kama ushahidi. Dieudonnée alinifuata, akaniomba kwa adabu apewe moja ili aiweke katika faili yake. Nikamweleza kwamba sasa ni mali ya komisyo. Alinitazama muda mrefu kidogo. Kutazama huko hakumo katika rapoti, na hata hivi sasa sijui kwa nini nimekutaja.

Tuendelee. Ilibaki kupima video. Nilisimama mbele ya shuka jeupe, Fabrice akashika kamera mpya, nami nikatoa salamu fupi za mradi kwa vizazi vijavyo. Salamu hizo zilidumu dakika arobaini na moja. Sikumaliza, kwa kuwa kamera ilizimika katikati ya neno ufanisi. Tukarudisha batri kwenye kamera ya zamani, nayo ikakataa kuwaka. Sola ya Mama Waridi ilikuwa juu ya paa, lakini mawingu yalikuwa yamefunga tangu saa sita, na umeme kidogo uliobaki ulikuwa unalisha mashine ya kuchapa. Ilikuwa saa saba na nusu. Kwa hiyo, ndugu zangu, katika saa hiyo muhimu, Kabambare ilikuwa na kamera mbili za vizazi viwili, na katika kipengele cha kutowaka zilikuwa sawa kabisa.

Kati ya wanafunzi waliobaki, wale tisa wa Wamaza walingoja nusu saa pamoja na wazazi wao. Mvua ilikuwa inakuja na njia yao ni ndefu. Baba Bulaimu alimwomba binti yake wangoje kidogo tena, kisha mwenyewe akasema haina faida, na wakaondoka wote, wazazi mbele, wanafunzi nyuma, viatu mkononi. Mama mmoja alikuwa analia. Wale ishirini na wawili wa hapa mjini walibaki wamekaa chini ukutani.

Mama Waridi alichukua batri ile, akaifunga katika kitambaa chake cha kichwa, akaenda kwa miguu hadi dukani kwa Mama Nsimire, mnunuzi wa dhahabu aliyetoka Bukavu, ambaye ana sola kubwa kwa ajili ya mizani na friji. Fabrice alimfuata kwa niaba ya ofisi, na ndiye shahidi wangu. Mama Waridi aliomba achajishe batri. Mama Nsimire aliitazama, akaenda nyuma ya kaunta, akafungua mtoto wa meza, akatoa nyingine ya aina ile ile, imejaa.

"Chukua hii, iko tayari," akamwambia. "Ni ya kamera yangu. Niliwaazima hao mabwana kamera, wakasahau kuuliza batri." (Kicheko kikubwa, hata safu ya mbele. Shehe anafunika mdomo.)

Hii, waheshimiwa, ndiyo inayoitwa patenarya kati ya sekta ya umma na sekta ya binafsi, na ofisi yangu inajivunia. Mama Nsimire akaongeza kwamba kama ni hivyo Mama Waridi aitumie pia ile kamera mpya, kwa kuwa ni yake na ametoa ruhusa. Mama Waridi akamshukuru, akakataa. "Ile bado sijaizoea," akasema. "Leo si siku ya kujifunza."

Sasa sikilizeni hatua ambayo katika rapoti inaitwa Huduma ya Picha Tembezi. Mama Waridi alirudi uwanjani, akawaambia wale ishirini na wawili wamsubiri, akang'oa shuka ukutani, akapanda pikipiki ya Muzaliwa, yule kijana anayebeba abiria kati ya hapa na Wamaza, wakatoka mbio. Walianguka mara moja kwenye tope. Muzaliwa anasema Mama Waridi aliinua kamera juu na kuanguka na mwili wake wote. Waliwakuta wale wa Wamaza kwenye kijito cha tatu, wengine wamekwisha kuvuka. Akawaita warudi. Baba Bulaimu na baba mwingine walishika shuka, mmoja huku, mmoja huku, wamesimama ndani ya maji mpaka magotini. Watoto wakanawa nyuso, wakavaa mashati yao vizuri, wakasimama mbele ya shuka mmoja mmoja. Dieudonnée alipigwa wa mwisho. Mama Waridi alimwambia asitabasamu, kwa sababu ya kanuni za faili, naye akashindwa, ikabidi apigwe tena.

Saa kumi kasoro dakika ishirini alikuwa amerudi mjini, tope mpaka shingoni. Akawapiga wale ishirini na wawili. Saa kumi ilipofika alikuwa bado anachapa, na Bwana Mkaguzi alikuwa ameketi mezani, faili zimepangwa. Nilimkumbusha, kwa heshima ya kanuni, kwamba muda umefika. Alifungua kalamu yake, akaifunga, akaifungua tena. "Saa yangu inachelewa," akaniambia, "na hapa tunafuata yangu." Akangoja mpaka picha ya tisini na nne.

Faili arobaini na saba kati ya arobaini na saba zimekamilika. Asilimia mia moja. Wakati huo wote mimi nilisimamia kwa mbali, nikiwa nimelazimika kukaa mbele ya sahani ya wali na kuku niliyoandaliwa, na ni kutoka hapo nilipoona kwamba mradi unafanya kazi. (Hakuna makofi. Mtu mmoja anakohoa.)

Kwa hiyo hitimisho la Komisyo ni hili: kamera mpya imeshinda kwa megapikseli, kwa video na kwa boksi, kamera ya zamani imeshinda kwa picha. Komisyo inapendekeza utafiti zaidi. Nawaomba sasa mrudie pamoja nami kauli mbiu za mradi. Picha bora, raia bora. (Sauti tatu zinarudia.) Megapikseli kwa kila kijiji. (Sauti moja.) Kasongo na Kabambare, mbele ya lenzi, mbele ya maendeleo. (Fabrice peke yake.)

Kabla sijaketi, nina shukrani. Namshukuru Mkuu wa shule kwa kutuazima viti hivi, ambavyo wanafunzi watavihitaji Jumatatu. Namshukuru Padri kwa utepe, na Shehe kwa kipaza sauti. Nawashukuru wafadhili wote wa mradi, ambao siku watakapopatikana nitawataja kwa majina. Kuna wanaouliza jengo la kituo liko wapi, vifaa viko wapi, na wafanyakazi ni akina nani. Nawaomba wasiharakishe mambo, kwa kuwa kuzindua ni hatua ya kwanza na kuwepo ni hatua inayofuata. Na zaidi ya wote namshukuru katibu wangu Fabrice, ambaye, mara tu tukifika Kasongo salama, ataanza kuandika barua ya kuomba mradi huu ukubaliwe.

Barua ya namna hiyo haipokelewi bila picha ya mwombaji. Mama Waridi, nakuomba usiondoke.

(Mama Waridi amekwisha kupanda pikipiki ya Muzaliwa. Wamaza kuna harusi.)