Nepi Zinazovuja

Jumatatu, 3 Machi
Leo mkutano wa wafanyakazi. Meneja kasema hapa dukani kila mtu ana uhuru wa kusema lililo moyoni, sisi ni familia. Nilipiga makofi peke yangu! Mwenzangu wa kaunta, tunayemwita Mama Risiti, akaninong'oneza: mdogo wangu, maneno hayo ni ya kusikia, si ya kutumia. Wivu tu. Anakitamani kipaza sauti changu. Mimi ndiye ninayewatangazia wateja ofa za siku, na sauti ninayo.

Jumanne, 4 Machi
Nimeutumia uhuru! Nilipewa nitangaze nepi za bei ya chini. Nikatangaza. Halafu moyo ukanisuta, maana ndizo ninazomvalisha kipenzi changu, na kila alfajiri tunaamka tumelowa wote watatu, baba yake yumo. Nikaongeza: akina mama wenzangu, zinavuja! Duka zima kicheko. Nepi zikarudi rafuni, nami nikarudi nyumbani. Kazi sina. Mama mkwe kasema ulimi umeniponza, na je, mjukuu wake sasa atakunywa uhuru badala ya maziwa?

Jumatano, 5 Machi
Sikulala kwa mipango. Mume wangu kasema nikaombe radhi. Nikamwitikia, ndiyo baba. Nikamvalisha mtoto nepi ileile, nikamnywesha maji, hao tukaenda ofisini. Nikamwomba meneja anipakatie mtoto, nitafute leso ya kufutia machozi. Nikaitafuta taratibu! Mwanzo meneja alikuwa akimchekea. Kisha akamwinua hewani kwa mikono miwili. Suruali ya kijivu, masikini! Mama Risiti, aliyekwisha kukikalia kiti changu, alileta tambara akacheka mpaka akashika ukuta.
Nimerudishwa kazini! Nepi zote zinarejeshwa kwa aliyezileta. Sharti moja tu: nisome kilichoandikwa kwenye karatasi, nisiongeze hata nukta.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesoma karatasi. Sukari, sabuni, mishumaa, neno kwa neno mpaka mwisho. Lakini jamani, shukrani nayo ni kosa? Nikaongeza kidogo tu: tumshukuru meneja wetu msikivu, aliyeukubali ukweli baada ya kukojolewa.
Niko nyumbani tena. Kipaza sauti anacho Mama Risiti. Mama mkwe hasemi nami, anasema na masufuria. Mwanangu kalala chali, mzuri huyo, hana habari.
Lakini sijakata tamaa! Kesho tunarudi ofisini, mimi na yeye. Nepi imebaki moja. Maji nimeshachemsha, yanapoa.