Kutoka Haneda Hadi Haneda

Jumatatu, 18 Desemba
Nimechoka. Asubuhi nimempigia bosi, Bi Ishimaru, nikakohoa vizuri, nikasema nina homa. Kisha huyo, uwanja wa ndege wa Haneda, ndege ya Okinawa. Nimefika, sikutoka hata nje ya uwanja, nikarudi na ndege ileile. Shirika linatoa pointi kwa umbali, na Okinawa ni mbali. Zikitimia kabla ya mwaka kuisha, napata kadi ya dhahabu. Zisipotimia, Januari naanza upya. Tokunaga wa dawati la jirani anayo. Kila safari ya kikazi anamkaribisha bosi kwenye ukumbi wa wateja maalumu, bia ya bure, mimi nabaki benchini nikilinda mabegi yao. Mwaka mzima naruka kwa ajili hiyo. Mgongo hauna hamu.

Jumanne, 19 Desemba
Mjinga mimi! Nimegawa biskuti za viazi vya zambarau nilizonunua uwanjani Okinawa, moja kila dawati, kama kila mtu arudiye safari. Mkono umezoea, kichwa kilikuwa bado kimelala. Tokunaga kalisoma boksi kwa sauti, kauliza kama siku hizi homa inakwenda kuota jua Okinawa. Ofisi nzima kicheko. Bi Ishimaru kala mbili, kashukuru, kisha kafuta likizo yangu. Kazi hadi tarehe 28.

Jumatano, 20 Desemba
Mke wangu Chizuru kauliza kuhusu Atami. Nilimwahidi tufunge mwaka huko, kwenye chemchemi za maji ya moto. Nimemwomba anivumilie, imebaki safari moja tu, Sapporo, kaskazini kabisa, tarehe 30. Kauliza, “Na ukikaa na mimi, unapata pointi ngapi?” Nikaona haya. Atakwenda na dada yake.

Jumamosi, 30 Desemba
Theluji! Tumezunguka juu ya Sapporo weee. Abiria wananung'unika, mimi nachekelea: umbali unaongezeka! Kisha rubani kaomba radhi, tunarudi. Haneda, binti wa kaunta kainama mpaka kiunoni. Kaeleza kuwa mizunguko haihesabiwi, ni kiwanja hadi kiwanja. Tumetoka Haneda, tumefika Haneda. Sifuri. Nikamwambia mgongo wangu umefika Sapporo. Kainama tena. Nimekaa benchini, machozi yananilenga.

Jumapili, 31 Desemba
Chizuru kapiga simu kutoka Atami. Wala hana hasira. Kasema, “Njoo bwana, panda treni, tambi za kufungia mwaka tunakuwekea.” Ni karibu tu, nisingechelewa. Nikataka kulia. Huyu mwanamke ananipenda! Nikaapa: kadi basi. Nikaenda stesheni mbio.

Ila treni haina pointi. Na kesho ni Januari, hesabu mpya. Ipo ndege ya asubuhi ya Sapporo, na kutoka Sapporo ipo ya Shizuoka, na kutoka Shizuoka, Atami si mbali. Nimempigia kumwambia wale tu tambi, nitafika kesho jioni. Simu imekatika. Mtandao wa Atami mbovu sana.