Karani wa Mvua wa Njoro

Jumanne, 15 Aprili 1958
Bwana ameenda Nairobi wiki mbili. Shamba lote la ngano ameniachia mimi, Nicodemus, karani wake. Amarjit, fundi wa trekta, anasema ameachiwa yeye. Sina haja ya kubishana na mtu mwenye grisi mikononi. Kazi yangu mpya: kila saa tatu asubuhi nipime mvua iliyoingia kwenye kopo la shaba, niandike daftarini. Pia niitazame barometa, ile kama saa ya ukutani, kama sindano inaelekea jua au mvua. Lakini mvua iliyokwisha kunyesha hata mbuzi anaijua. Mtu mkubwa hutabiri. Nimebandika tangazo penye ghala la maziwa: KESHO KUKAVU.

Jumatano, 16 Aprili
Imenyesha kidogo. Nimeeleza kwamba tangazo lilihusu ofisi tu. Chepkemboi, mkubwa wa wakamuaji, amesema mbele ya watu kwamba hata ng'ombe wanakataa kushuka kwenye korongo kavu lililo chini ya shamba. Nikamjibu ng'ombe hawajasoma. Akasema wala hawajabandika tangazo. Wakacheka. Nimeandika majina yao.

Alhamisi, 17 Aprili
Sindano imeanguka upande wa mvua. Nimeigonga, ikaanguka zaidi. Ni wazi imeharibika. Nyuma kuna skrubu ndogo. Nimeizungusha mpaka sindano ikarudi kwenye jua. Amarjit akauliza kama homa nayo huponywa kwa kurekebisha kipimajoto. Tangazo: KUKAVU HADI JUMATATU.

Jioni Chepkemboi akaja kuomba ufunguo wa ghala la ngano. Mawingu yamejazana juu ya milima ya Mau, akasema, na korongo litashusha maji. Familia za nyumba za chini, ukingoni mwake, zilale ghalani. Nikakataa. Nikitoa ufunguo nitakuwa nimekubali kwamba nimekosea. Adero wa nyumba za chini, mwenye mtoto wa wiki tatu, alisimama nyuma yake. Sikumtazama sana.

Ijumaa, 18 Aprili
Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kitambaa.

Saa nane mchana, jua kali. Nilishuka korongoni na kopo langu, nikaliweka katikati ya mchanga, watu waje waone lilivyo tupu. Hakuna aliyekuja. Kumbe Amarjit alikuwa ameng'oa bawaba za mlango wa ghala, na wote walikuwa juu wakihamisha magodoro. Nikasikia mngurumo, nikadhani ni trekta. Yakaja maji, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo na mlango wa choo cha mtu. Huku kwetu halijadondoka hata tone. Nikashika mzizi wa mgunga. Nikaita kwa sauti ya kiume. Wengine wanadai nililia.

Chepkemboi akafika na kamba ya ng'ombe.

"Karani, kuna mvua?"

Nikamwambia hapana. Akaanza kuikunja kamba.

"Na maji?"

Nikakubali kwamba maji yapo. Akairusha.

Nyumba tatu za chini zimekwenda, ya Adero ikiwa mojawapo. Hakuna aliyekufa. Nilimwona mtoto wake amelala juu ya magunia, nikajipangusa macho kwa kitambaa cha mkono. Nadhani ni matope.

Jumamosi, 19 Aprili
Nimemwandikia Bwana barua. Mvua iliyonyesha shambani jana: sufuri. Utabiri wangu ulikuwa sahihi kabisa. Maji yale yalitoka kwa jirani. Kopo lilichukuliwa na maji likiwa tupu, na huo ni ushahidi. Nimependekeza Chepkemboi aonywe kwa kueneza uvumi, na Amarjit kwa zile bawaba. Mwisho nimeomba cheo.

Mvua nimeiacha. Haina nidhamu. Leo nimebandika tangazo jipya: MWAKA HUU NZIGE HAWAJI. Adero amelisoma mpaka mwisho, akaenda moja kwa moja kwa Amarjit kuazima debe la kugonga kufukuzia nzige. Watu wengine hawafundishiki.