Fulana Ndani ya Tanuri la Samaki

Jumatatu, 12 Januari 1998
Kashikishi. Mvua. Nimechoka na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Nimetoa baiskeli yangu, nimepewa ndoo ya rangi kutoka Ndola. Si rangi ya kawaida! Ya Willy, jirani yangu na mchapa fulana mwenzangu, hukaa juu ya kitambaa kama ugali uliokaukia sahani. Yangu ni ya maji. Unaichanganya na unga wake, inaingia ndani na kung'oa rangi ya fulana yenyewe. Fulana nyeusi inatoa picha nyeupe, na ukipitisha mkono husikii kitu.

Ba Olipa, kiongozi wa kwaya, anataka fulana nyeusi za kuimbia Jumapili. Willy anaililia kazi hiyo. Nimemwahidi Ba Olipa picha ambayo hakuna kwaya Nchelenge nzima imewahi kuvaa. Kazi nimeipata mimi!

Brigitte, mke wangu, amesema hii ndiyo biashara yangu ya mwisho. Ikiharibika, tunahamia Kafutuma kwa kaka yake Parfait, tukalime mihogo. Mimi na jembe! Mungu apishe mbali.

Jumanne, 13 Januari
Jaribio. Nimetandaza kipande cha wavu juu ya fulana yangu, nikasukuma rangi kwenye fremu ya kuchapia juu yake, ili nyuzi za wavu zibaki nyeusi. Katikati, msalaba. Ufundi!

Hakuna kilichoonekana. Fulana nyeusi, imelowa, basi. Brigitte alitazama kidogo, akarudi kwenye mboga zake.

Lakini rangi hii haiamki bila moto. Moto wa kutosha uko wapi? Kwenye tanuri la Brigitte la kukaushia samaki. Uvuvi umefungwa mpaka Machi, tanuri limelala. Nikaomba. Akakubali kwa pumzi ndefu.

Picha ikatoka! Nyeupe pe, wavu na msalaba! Nilipiga kelele mpaka Willy akachungulia. Tatizo dogo: inanuka mayai yaliyooza. Aliyeniuzia alisema harufu huisha ukifua.

Jumatano, 14 Januari
Leo fulana za kwaya. Moshi ulipopanda tu, watu wakaanza kujaa nyuma ya nyumba. Na vikapu! Wakati ziwa limefungwa, moshi wa tanuri unapita redio kwa habari. Wote wanataka samaki.

Nikawaambia ni fulana. Mama mmoja akanicheka usoni: "Batu habachomake fulana, Evariste. Leta samaki!" Nikafungua tanuri waone wenyewe. Harufu ikatangulia. Hakuna aliyebaki kutazama.

Willy akawaeleza wakiwa wanaondoka kwamba nilificha samaki wa wizi, wakaniozea. Jirani gani huyu.

Alhamisi, 15 Januari
Habari imefika sokoni, na imekua njiani. Sasa ni Brigitte anayekausha samaki waliooza. Wanunuzi wake wa Mwansabombwe wamemuuliza kama ni kweli. Alirudi akakaa mlangoni. "Papa Gaëlle," aliniambia, kwa jina la mwanetu mchanga, "jina yangu njo banacheka." Hakulia. Afadhali angelia. Iliniuma sana.

Nikaamua kulisafisha jina lake. Nikavaa fulana yangu, ile ya jaribio, nikazunguka soko lote ili watu waone kwamba ni fulana kweli. Wengi hawakusogea karibu vya kutosha kuona.

Jumamosi, 17 Januari
Brigitte amesema nizifue kabla ya kuzipeleka. Mvua haijakatika tangu juzi. Nikizifua leo, kwaya itaimba imelowa. Nimepata njia: poda ya mtoto. Nimemaliza kopo lote la Gaëlle.

Ba Olipa alizikunjua, akafurahi, kisha akazishika mbali na pua. Akauliza ni nini hiyo. Nikamwambia ni harufu ya upya.

Jumapili, 18 Januari
Sitaki kuandika. Naandika.

Kanisa lilijaa, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Kwaya ilipoingia, watu waliustaajabia uzuri wake. Nilikaa wima kama mwenye harusi. Wimbo wa kwanza, salama. Wimbo wa pili, waimbaji wakapata joto, na harufu ikaamka. Mayai yaliyooza na poda! Benchi la mbele likahama. La pili likafuata. Mchungaji akafungua madirisha, mvua ikaingia, watu wakatoka. Ba Olipa aliimbisha mpaka mwisho, mbele ya mabenchi matupu, machozi yanamtoka.

Mlangoni aliniambia neno moja: "Ba Evariste, umetufukuzisha mu nyumba ya Lesa, nyumba ya Mungu." Willy alikuwa nje chini ya mwavuli, anavuta pumzi kwa raha zake.

Tulipofika nyumbani, Brigitte alianza kukunja nguo. Nami nikakunja zangu.

Jumamosi, 24 Januari
Kafutuma. Malengelenge mikono yote miwili. Mgongo si wangu tena.

Nasikia wanakwaya wamezifua fulana na harufu imekwisha kabisa. Wanazisifu kwa ulaini. Kazi ijayo amepewa Willy!

Brigitte amenawiri kidogo. Huku hakuna anayemcheka. Leo ameimba akienda kuchota maji, na sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akiimba.

Jambo moja. Kafutuma nzima inanuka mihogo iliyolowekwa. Inanuka kweli kweli, na hakuna anayeziba pua! Nimezunguka kijiji kuhakikisha. Na Parfait anapanga matofali yake mabichi kwa ajili ya kuyachoma. Moto mkubwa, wa bure.

Ndoo ya rangi nilisema nimeitupa. Ipo chini ya magunia, imebaki nusu.

Brigitte nitamwambia matofali yakishashika moto.